Mchango wa saratani redioni: watu wamechoshwa na nini hasa?

Umeuliza kwa nini wasikilizaji huhama stesheni mara tu changizo la wagonjwa wa saratani linapoanza. Wengine hapa wamejibu kwamba watu wamekuwa wachoyo. Sikubaliani nao. Kinachowachosha ni kuombwa tena na tena bila kuambiwa mchango uliopita uliishia wapi.

Kosa la kwanza ni hesabu. Mtangazaji hujumlisha ahadi na fedha taslimu, akatangaza jumla kubwa. Wiki mbili baadaye zinasomwa zilizoingia kweli, zimepungua, na mitaani wanasema zimeliwa. Tangazeni tarakimu mbili tangu mwanzo: zilizoingia, na zilizoahidiwa. Ripoti nayo isomwe kwenye kipindi kilekile, saa ileile.

Jingine ni namba ya kutuma. Anayesikiliza redio anaendesha gari au anapika, kalamu hana. Someni tarakimu tatutatu, taratibu, mara tatu, na mtaje jina litakalotokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Likija jina la mtu binafsi asiyemjua, anaghairi, na hapo siwezi kumlaumu. Kwa mgonjwa mmoja, ni heri fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali.

Hadithi ya mtu mmoja huvuta kuliko takwimu, hilo halina ubishi. Mwaka 1948 nchini Marekani, mvulana mwenye saratani, aliyekuwa akitibiwa na Dkt. Sidney Farber wa Boston, alisikika redioni akiwa wodini, akizungumza na wachezaji wa besiboli aliowapenda. Wasikilizaji waliombwa dola 20,000 ili apate televisheni ya kutazamia mechi. Mwaka huo zilipatikana zaidi ya dola 200,000, na mfuko ulioanzia hapo upo hadi leo. Hewani aliitwa Jimmy, ambalo halikuwa jina lake. Siri yake ililindwa, na kwa mtoto ndivyo inavyotakiwa hata sasa.

Ila hadithi ya mmoja ina mtego wake. Fedha zikizidi, ziende wapi? Mgonjwa akifariki kabla hazijatumika? Jibu lisomwe hewani kabla ya senti ya kwanza kuingia, mfano: “kitakachobaki kitawalipia wagonjwa wengine wa wodi hii.” Likisemwa baadaye, hata kama ni kweli, linasikika kama kisingizio.

Na acheni kusema “tukichanga atapona.” Hakuna daktari anayeweza kuahidi hivyo. Semeni fedha zinalipia nini. Dawa za kemo, yaani za kuua seli za saratani, hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, na mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa za kwenda na kurudi. Nauli, malazi na vipimo humwangusha mgonjwa ambaye dawa zenyewe zimeshalipiwa. Msikilizaji akiambiwa “mzunguko wa tatu kati ya sita umelipwa, bado mitatu,” anajua mchango wake umefika wapi, na wiki ijayo hatahama stesheni.

Halafu kuna jambo ambalo mameneja wa stesheni hawapendi kulisikia. Changizo linaisha, linafuata tangazo la kulipiwa la dawa “inayotibu kansa zote kwa siku saba.” Sauti ya mtangazaji ni ileile. Sasa msikilizaji amwamini kwa lipi?