Nimesimulia hadithi yote, mbona nimepata 3?

Kidato cha kwanza wamemaliza majaribio yao ya mwanzo ya Kiswahili, na maswali yamenijia mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Haya matano ndiyo yanayojirudia kila mwaka.

Shikamoo mwalimu. Tuliulizwa tabia ya Fisi katika ngano ya njia panda. Nimeisimulia yote, sijaacha kitu, nimepata 3 kati ya 10. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Hadithi umeipatia, swali ndilo limekupita. Hukuulizwa kilichotokea, msahihishaji anakijua tangu utotoni. Umeulizwa Fisi ni wa namna gani, na wewe umejuaje. Hiyo ndiyo tunaita hoja: unasema, unaonyesha, kisha unaeleza. Tazama:

"Fisi ana tamaa. Alipofika njia panda alisikia harufu ya nyama kulia na kushoto, akatia miguu ya upande mmoja njia hii na ya upande wa pili njia ile, mpaka akapasuka msamba. Hakuuawa na simba wala mshale wa mwindaji. Tamaa yake mwenyewe ndiyo iliyomchana."

Sentensi mbili za kwanza anaweza kuzitoa yeyote aliyesimuliwa na bibi yake. Mbili za mwisho zinatoka kwa aliyekaa akajiuliza kwa nini msimulizi alimchagulia Fisi kifo hicho na si kingine. Alama zako saba zilikuwa hapo. Ukifika kidato cha pili na jambo hilo moja tu kichwani, mimi nimeridhika, hata kama umesahau tofauti ya nahau na msemo.

Mwanangu anaongea Kiswahili tangu azaliwe. Mwaka mzima wanamfundisha nini? (Mama wa mwanafunzi, Dar es Salaam)

Mama, mimi nasonga ugali tangu utotoni na hadi leo unatoka na madonge. Ikifika Desemba mtoto awe anatenganisha fani na maudhui, yaani jinsi kilivyosemwa na kinachosemwa. Azijue tanzu, yaani aina kuu, za fasihi simulizi, na insha yake iwe na utangulizi, kiini na hitimisho vinavyosikilizana. Ukitaka kumpima mwenyewe, mpe karatasi amwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili. Akiweka anwani moja badala ya mbili, au akianza na "Habari za siku nyingi, mimi ni mzima wa afya", bado kuna kazi.

Nimetunga "Mwanafunzi shika kalamu, darasani uingie". Mwalimu kaandika "mizani imezidi". Nifanyeje? (Mwanafunzi, Tanga)

Mizani ni idadi ya silabi. Hesabu kwa vidole, bila haraka: mwa-na-fu-nzi-shi-ka-ka-la-mu. Tisa. Kipande cha pili, da-ra-sa-ni-u-i-ngi-e, kina nane. Basi weka "Mtoto shika kalamu" na mambo yanakaa sawa. Rafiki yako atakubishia kwamba umebakiza saba, kwa kuwa anahesabu "mto-to". Mwambie m ya mtoto inasimama peke yake: m-to-to. Ile ya mbali ndiyo inayong'ang'ania herufi ya mbele: mba-li. Anayetamka kwa sauti hakosei. Anayehesabu herufi kwa macho hukosea kila mara.

Na mtu asikutishe kwamba bila mizani hakuna shairi. Mshairi Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974 bila kufungwa na vina wala mizani, washairi wakagombana sana, na leo mashairi huru yanafundishwa darasani. Ila ukiambiwa tunga la kimapokeo, hesabu.

Kaka yangu ana madesa ya uchambuzi wa vitabu vyote. Niyasome? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kitabu kwanza. Desa, yaani notisi za kunakili, naligundua mapema: nusu ya darasa wana mfano mmoja, ukurasa mmoja, na kosa moja la tahajia. Kuna mwaka desa lilikosea jina la mhusika, nikasahihisha karatasi baada ya karatasi zenye mtu ambaye kitabuni hayumo kabisa. Baada ya kusoma kitabu, lifungue desa ubishane nalo.

Ni lazima insha ianze na maana ya neno? (Mwanafunzi, Mwanza)

Si lazima. Kwenye insha ya hoja, neno gumu kama "utandawazi" lifafanue, utamsaidia msomaji. Kwenye insha ya kisanaa unaiua kabla haijatembea. Umepewa "Siku niliyokwenda sokoni", halafu unatuandikia kwamba soko ni mahali ambapo bidhaa huuzwa na kununuliwa! Nani asiyejua? Anza na kile ulichokikuta: "Tulipofika, dagaa walikuwa wamebaki fungu moja, na mama wawili walikuwa wameshalishika."