Kuwasha hita, pampu na taa ukiwa mbali: anza na ampea, app baadaye

Mkuu umeuliza ununue plagi janja gani ili uwashe hita ya maji, pampu na taa kwa simu ukiwa kazini, na naona wadau wengi wanakutajia app tu. App ni ya mwisho kabisa aisee. Kwangu karibu kila kitu kinaendeshwa hivi na nakwambia kinachoamua ni mzigo wa umeme.

Hita ya wati 3000 kwenye volti 230 inavuta ampea 13 mfululizo, sasa plagi janja nyingi zimeandikwa 10A, ukichomeka hapo inapata moto, plastiki inaanza kulegea na wewe uko mbali hakuna wa kunusa harufu. Hata ya 16A kwa hita mimi siiamini sana. Hita na pampu yangu zote zimepitishwa kwenye kontakta (swichi kubwa ya umeme inayovutwa na sumaku) iliyofungwa karibu na breka, swichi janja kazi yake ni kuamsha koili tu (waya uliozungushwa unaoleta hiyo sumaku), na koili inakula umeme kidogo mno, mzigo mzito wote anabeba kontakta. Pampu ndo usiseme, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya ampea zilizoandikwa kwenye kibati chake, rilei ndogo (kiswichi kilicho ndani ya plagi janja) ikizoea hivyo inaganda kwa ndani, app inakuonyesha OFF kumbe maji yanamwagika tu huko. Hii mpe fundi umeme anayejua, usijaribu na bisibisi ya nyumbani.

Taa ni rahisi ila fungua kwanza kiboksi cha swichi uone kama nyutro (waya wa kurudisha umeme) imefika, maana swichi janja nyingi zinaihitaji na nyumba nyingi nyutro imeenda moja kwa moja kwenye taa. Kama haipo kuna zinazofanya kazi bila nyutro, uliza kabla hujalipa.

Alafu kuna seting watu wanairuka: umeme ukikatika ukarudi, kifaa kinaamkaje? Hita na pampu weka zibaki OFF, lazima. Na pasi au jiko usiunge kabisa, sioni sababu ya kuwasha jiko ambalo hulioni.

Kuhusu kuongoza ukiwa mbali, plagi nyingi za Wi-Fi amri inazunguka hadi seva ya kampuni ndo irudi nyumbani kwako, kampuni ikizima seva umebaki na plagi ya kawaida. Mimi natumia Home Assistant, programu huria ya kuongoza vifaa vya nyumbani, imekaa kwenye Raspberry Pi, kikompyuta kidogo, hapo hapo ndani, intaneti ikikata swichi zinaendelea kutii. Nikiwa nje naingia kwa VPN ya WireGuard, yaani njia iliyofungwa kwa siri hadi mtandao wa nyumbani. Usifungue poti za vifaa (milango ya kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta hivi hivi, na password ya kiwandani badilisha siku hiyo hiyo, programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 iliteka kamera na ruta kibao kwa password hizo tu. Na plagi ikigoma kuunga, cheki simu isiwe kwenye Wi-Fi ya GHz 5, nyingi zinajua 2.4 peke yake.

Mwisho tafuta kifaa kinachopima wati. Ukizima hita usitazame rangi ya kitufe, tazama wati zimeshuka sifuri au la.

Tupia hapa picha ya kibati cha pampu na ndani ya kiboksi cha swichi, breka ikiwa imezimwa, tukuambie kontakta ya ampea ngapi.