Askari wa mazingaombwe hana macho yake

Swali la wiki: katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, mwizi akinyemelea nyuma ya askari wa mazingaombwe, yaani taswira ya askari iliyoundwa kwa uchawi, askari huyo atageuka?

Hageuki, ila mchawi aliyemuunda awe kamwona mwizi kwa macho yake mwenyewe. Kwa kanuni za toleo la 5 la mwaka 2014, Silent Image, uchawi unaomuunda askari kama huyo, ni picha tu, haioni wala haisikii. Inaenea ndani ya mchemraba wa futi 15, umbali usiozidi futi 60 kutoka kwa mchawi, na kuisogeza kunakula kitendo cha zamu yake. Hapo ndipo meza nyingi zinapokosea: mwendesha mchezo anamchezesha askari kama mtu kamili, anayeshtuka na kukwepa mshale. Lakini mshale unarushwa kwenye zamu ya adui, na mchawi wakati huo hana kitendo. Unapenya kifua cha askari, na siri imefichuka bila hata kurusha dadu.

Chukua uchochoro wa Mji Mkongwe. Mchawi kajibanza nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, askari kasimama kwenye kona. Ajaye upande anaouona mchawi anaweza kugeukiwa, tena kwa kuchelewa, maana mzunguko mmoja wa zamu za wote ni sekunde 6. Ajaye kutoka nyuma ya kona haonwi na yeyote; askari anabaki kaukodolea ukuta. Mwendesha mchezo alitamke hilo: "Umempita, macho yake hayakukufuata." Hapo mchezaji anapata sababu ya kutumia kitendo chake kuchunguza: dadu ya pande 20 na ujuzi wake wa Uchunguzi, afikie 15 ikiwa mchawi ni wa ngazi ya 5 mwenye Akili 18 (8 za msingi + 3 za ngazi + 4 za Akili).

Tena kuna salamu. Silent Image haina sauti, na kwetu mtu wa barazani asiyeitikia "Asalamu alaikum" atatiliwa shaka palepale. Afadhali aundwe mzee aliyelala, kajifunika shuka gubigubi. Major Image, uchawi wa taswira yenye sauti, inaweza kuitikia, lakini mchawi lazima awe ameisikia hiyo salamu.

Mislead na Project Image, uchawi wa kuunda kivuli cha mchawi mwenyewe, ni mambo mengine kabisa: mchawi huona kwa macho ya kivuli chake na kusikia kwa masikio yake, hata futi nyingi kutoka alipo. Gharama yake ni kubwa, na ndiyo inayosahaulika: muda wote huo yeye mwenyewe ni kipofu na kiziwi pale alipokaa. Mwekeeni mlinzi.

Programmed Illusion, taswira iliyopangwa mapema, hujiamsha yenyewe kwa sharti la kuonekana au kusikika ndani ya futi 30. Basi usiandike "adui akija", kwani nia ya mtu haionekani; andika "mlango huu ukifunguliwa". Ikimaliza onyesho lake hulala dakika 10, na mwizi wa pili anapita bila kizuizi.

Msomaji, Unguja