Zulia la Nembo za Kikristo na Herufi za Kiarabu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni msusi wa mikeka hapa Ujiji. Nimeona kwenye simu picha ya zulia la kale la Hispania: katikati lina nembo za ukoo wa Kikristo, pembeni maandishi kama ya Kiarabu. Mume wangu anasema limetoka msikitini. Ni kweli? Na nikitaka kuiga nakshi zake kwenye ukindu, itawezekana?
Mama Z., Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto halikutoka msikitini, ila hakukosea sana. Kwa maelezo yako, linafanana na mazulia ya karne ya 15 yenye nembo za akina Enríquez, waliokuwa wakuu wa majeshi ya majini ya Castile, ufalme wa Kikristo huko Hispania. Wafumaji walikuwa Waislamu waliokuwa wakiishi chini ya wafalme wa Kikristo, kwenye miji kama Letur na Chinchilla. Bwana mkubwa akitaka nembo yake, anafumiwa. Pembeni fundi anaweka mambo ambayo mkono wake umeyazoea. Herufi zile zina umbo la Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, lakini hazisomeki. Hata shehe wenu mpe miwani, hatatoa neno.

Mimi hupenda zaidi kutazama fundo. Mturuki na Mwajemi hufunga sufu kwenye nyuzi mbili za mtande, zile za urefu. Mhispania aliizungushia kwenye uzi mmoja, akaruka wa pili, akafunga wa tatu. Safu ya juu yake akafunga zile alizoziruka. Kwa hiyo mistari ya mshazari hushuka laini, na ya wima huota meno kidogo. Usisumbuke kupindua mazulia ya soko la Mwanga kutafuta fundo hilo. Mengi ni ya mashine, mgongoni ni gundi tu.

Kuiga inawezekana, kwa kuchagua. Chane za ukindu hupishana kwa mshazari, kwa hiyo nyota na mistari ya meno ya msumeno zitakukubali. Vile vidude vya pembe nane vilivyojaa katikati ya zulia vina kuta za wima, vitakutesa. Suka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, uwe mpana ubebe nakshi nzima. Ikikatwa na mshono, ukija kuunga haikutani. Ukindu utie rangi kabla ya kuanza, na pima chane zitoshe, maana chungu cha pili hakitoi rangi ileile.

Herufi ziache. Wateja wako wa Ujiji watakuuliza umeandika nini.