Alizeti kwenye udongo wenye risasi ya betri

SWALI: Habari za kazi. Nina kipande cha ardhi kama mita 10 kwa 10, zamani walikuwa wanavunjia betri za gari hapo. Nimepeleka udongo maabara, majibu yanasema risasi miligramu 500 kwa kilo. Nasikia ukipanda alizeti zinanyonya sumu yote halafu unalima mboga kama kawaida, ni kweli? Na mabua yake nifanyie mboji au nichome?

JIBU: Kwanza hongera kwa kupima, wengi wanapanda kwanza ndo waulize. Stori ya alizeti haijatoka hewani, miaka ya 1990 zilijaribiwa karibu na Chernobyl, Ukraine, palipolipuka kinu cha nyuklia, ila kule zilieleshwa kwenye bwawa, mizizi ikiwa majini, zinyonye sesiamu na strontiamu zenye mionzi. Kwenye udongo ni habari nyingine kabisa. Risasi inang'ang'ania chembe za udongo, mzizi unaikuta haijayeyuka, na hata ile kidogo inayoingia nyingi inabaki mizizini haipandi kwenye majani.

Hebu tupige hesabu. Eneo lako kwa kina cha sentimita 20 ni udongo kama tani 26, kwa kipimo chako hiyo ni risasi kilo 13. Sasa tuseme umevuna alizeti kavu kilo 100 (nakupendelea hapo!) na kila kilo imebeba miligramu 100 za risasi, umetoa gramu 10. Misimu 1,300 hiyo, na tumekuhesabia vizuri.

Siyo kwamba mimea haiwezi kazi hii, inategemea ni metali gani. Kuna kangaga anaitwa Pteris vittata, mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba anabeba aseniki kwa wingi wa ajabu kwenye majani, na visiwa vya New Caledonia huko Pasifiki kuna mti, Pycnandra acuminata, ukiukata utomvu unatoka wa kijani-bluu kwa sababu ya nikeli. Risasi ndo kichwa ngumu. Wapo wanaomwaga kemikali ya EDTA ili risasi iyeyuke na mmea wa haradali uinyonye, mi sikushauri, maana inayobaki inashuka na mvua hadi maji ya chini ya ardhi.

Kwako bora uifunge ilipo kuliko kuhangaika kuitoa. Kama udongo una asidi weka chokaa, ongeza mbolea ya fosfeti na mboji, kisha funika pote kwa nyasi zinazoshika ardhi, vetiva ni nzuri sana, mizizi yake inashuka mbali na haipeleki risasi nyingi juu. Hatari kubwa ni vumbi na watoto wanaotia mikono mdomoni, kwa hiyo pasibaki peupe. Mboga lima kwenye matuta ya boksi yenye udongo msafi ulioletwa kutoka kwingine, na kitambaa kizito chini.

Kuhusu mabua: metali haiozi, ukiyafanya mboji unairudisha shambani, ukiyachoma nyingine inaondoka na moshi unaouvuta na nyingine inabaki kwenye majivu. Kama ulishapanda, ng'oa na mizizi yake, kausha, funga kwenye mifuko, uliza mamlaka ya mazingira ya kwenu wapi wanapokea taka za sumu. Na mifugo isiguse.