Muvi Iliyonikaa Kichwani Haina Hata Pepo Mmoja

Mmeuliza wiki hii ni muvi gani ya kutisha haijatutoka kichwani mpaka leo. Najua wengi watataja za majini na nyumba zenye mapepo, ila yangu haina hata pepo mmoja, inaitwa Fade to Black, ya Marekani, 1980, aliyeiongoza ni Vernon Zimmerman.

Dennis Christopher anacheza kama Eric Binford, kijana wa Los Angeles anayefanya kazi kwenye stoo ya mikanda ya sinema. Mchana anabeba mikanda, usiku anajifungia chumbani na projekta yake anaangalia mpaka kunakucha, kazini anasinzia bosi anafoka. Nyumbani yupo shangazi yake kwenye wilichea, anamsimanga kutwa (kama ni shangazi kweli, hapo nanyamaza nisiwaharibie). Siku shangazi alipovunja ile projekta basi tena, Eric anamsukumiza ngazini na kiti chake, vilevile kama mwigizaji Richard Widmark anavyofanya kwenye muvi ya Kiss of Death ya 1947, afu msibani anatokea kavaa kama yule yule jambazi wa Widmark. Hapo ndo kafungulia, kila aliyemuudhi anamfuata kavaa kama mtu wa kwenye muvi, mara Dracula, mara mami, ile maiti ya kwenye mabandeji, mara kauboi Hopalong Cassidy.

Vifo vyenyewe wala havitishi, vingine utacheka. Mi kilichonimaliza ni kale kakipande ka kazini anabetiana na mwenzake, Mickey Rourke huyo bado hata hajawa staa, jina kamili la Rick wa kwenye muvi ya Casablanca ni nani. Eric anajua, kashinda, jamaa halipi na anamcheka juu. Yaani mtu kajaza kichwa chote sinema na haimsaidii hata kulipwa hela ya bet.

Sasa mi nimekaa miaka minne kwenye kibanda cha kurushia watu muvi kwenye flashi, mteja akinihadithia kipande tu nilikuwa namtajia muvi, mwaka na alivyokufa steringi, wakaniita profesa na mi nikavimba kweli, demu nikimtongoza natumia mistari ya kwenye muvi, ilifeli yote aisee. Hayo ya kucheka. Lisilochekesha ni msiba wa baba mdogo wangu, tunashusha jeneza, watu wanalia, mi niko pale nawaza kamera ingekaa upande gani, na mvua ingenyesha kidogo ingependeza zaidi. Sikutoa chozi, niliwaza mvua. Nilipokuja kumuona Eric pale msibani na suti yake mwili ulinisisimka, nikasimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Mwishoni polisi wanamkimbiza mpaka juu ya paa la Chinese Theatre pale Hollywood, mbele yake ndo kule mastaa wanaacha alama za viganja kwenye zege. Anapigwa risasi, na hata wakati wa kufa hana neno lake mwenyewe, anapiga kelele maneno ya mwigizaji James Cagney kwenye muvi ya White Heat, yale ya kumwambia mama yake kwamba kafika kileleni mwa dunia. Wife alikuwa pembeni yangu kwenye kochi siku hiyo, akageuka kuniangalia, kumbe midomo yangu inacheza, nayasema na mimi, neno kwa neno. Akachukua simu yake akaenda kulala.