Jibu: MRI imeonyesha kiharusi kwa kichanga, je, atatembea?

Pole sana, mama mwenzangu. Umeuliza kama MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya mwanao wa siku 5 inaweza kusema leo kama atakuja kutembea. Mimi nililipitia hilo mwaka 2019, hapa Dar.

Binti yangu alizaliwa salama, akalia vizuri. Siku ya pili mkono wa kulia ukaanza kushtukashtuka peke yake. Unatulia, unaanza tena. Bibi yake akasema ni mchango. Ultrasaundi ya utosini haikuona kitu. Siku ya nne akapelekwa MRI: alinyonya akashiba, wakamziba masikio, tukamfunga vizuri kwenye khanga, akalala mle bila dawa ya usingizi. Mshipa wa damu upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa umeziba.

Nilikuwa nang'ang'ania kuuliza doa la kiharusi kwenye picha lina ukubwa gani. Daktari wa neva za watoto akaniambia niulize kwanza limekaa wapi. Kuna njia ya neva inayoanzia juu ya ubongo, inapita ndani kabisa, inashuka hadi uti wa mgongo. Ndiyo inayopeleka amri za mkono na mguu. Kwenye picha za DWI (aina ya picha za MRI zinazofanya sehemu iliyoumia karibuni ing'ae) za wiki ya kwanza, njia hiyo iking'aa huko chini, mbali na doa lenyewe, mtoto ana hatari kubwa ya mtindio wa ubongo wa upande mmoja, yaani mkono na mguu wa upande mmoja kuwa dhaifu. Isipong'aa, hatari hupungua sana. Baada ya kama wiki moja mng'ao hufifia, kwa hiyo angalia MRI ya mwanao ilipigwa siku ya ngapi.

Kwa binti yangu iling'aa. Nililia sana.

Ila picha ile ilituokolea miezi. Watoto hawa huonekana sawa tu hadi miezi minne au mitano, ndipo ngumi moja inabaki imefumbwa, na watu wanasema "huyu mashoto". Mtoto anayechagua mkono kabla ya kutimiza mwaka apelekwe kliniki! Sisi mazoezi tuliyaanza mapema: nusu saa kila siku mkono wa kushoto, usio na shida, unavishwa soksi, njuga inawekwa upande wa kulia ili atumie mkono dhaifu.

Watoto wengi wa aina hii hutembea. Wangu alitembea na miezi 17. Mkono ndio bado unahangaika na vifungo vya sare.

Kesho omba CD ya picha zote, usiridhike na karatasi ya majibu. Kisha muulize daktari hivi: "Njia inayoshuka uti wa mgongo imeguswa?"